Sanduku la Mama Hidaya na Nailoni Yake

Nchi ya Mng'aro ipo, msije mkadhani ni ya kutungwa. Ila ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, maana waliotumwa kuichora waliikuta imepakwa rangi asubuhi hiyohiyo, wakaambiwa wasikanyage mpaka ikauke. Hadi leo wako mpakani, viatu mkononi, wanasubiri.

Huko Mng'aro kila akija mgeni wa heshima, nchi nzima hupakwa rangi upya. Si ikulu peke yake. Nyumba za watu, mashina ya minazi, mawe ya kando ya barabara, mabanda ya kuku, na safari aliyokuja mgeni mmoja mpenda mifugo, hata mbuzi walipakwa. Na kwa kuwa Mtukufu Rais ni mtu wa watu, wageni hawakatiki. Rangi ni ya mafuta, huchanganywa kwa tina, ile dawa kali ya kuilainishia rangi, katika kiwanda cha taifa, na kiwanda kimejengwa katikati ya mtaa wa Burushi ili wananchi wasikose kunusa maendeleo yao.

Sasa tina ni kitu kisichopenda kukaa kwenye kopo. Ukifungua kifuniko tu, imeshapanda hewani. Huioni, lakini macho yanawasha, kichwa kinagonga, na kifua cha mtoto mchanga kinaanza kupiga filimbi. Serikali ilikwisha kueleza kwamba maumivu yale ya kichwa ni uzalendo unaotafuta pa kukaa, na kwamba watoto wanaopiga filimbi wanaonyesha kipaji.

Katika mtaa huo wa Burushi alikuwa akiishi Mwantumu, na mumewe Kombo, na binti yao Shani, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa bila kuanguka ubavu. Kombo alikuwa fundi rangi wa serikali, upande wa mawe ya barabarani. Akirudi jioni, Mwantumu humvua nguo za kazi uani, mume akaoga kwa ndimu, akaoga tena, na bado akimbeba mwanawe filimbi inaanza. Kila jua likizama Mwantumu huinamisha sikio kwenye kifua cha Shani, kama mtu anayesikiliza redio huku akijua habari ni mbaya.

Upande wa pili wa ukuta, ukuta mmoja tu, alikaa Mama Hidaya. Huyu alikuwa shoga yake tangu usichana. Waliolewa msimu mmoja, wakajifungua mwezi mmoja, na tangu hapo alichokipata mmoja ilikuwa lazima mwenzake awe nacho kabla ya Ijumaa. Mama Hidaya akinunua chupa ya chai yenye maua, Mwantumu ananunua yenye maua na kipepeo. Lakini mbio hizo hazikuwa za haki, kwa sababu mume wa Mama Hidaya, Bwana Haji, alikuwa Mpiga Makofi wa Taifa, Daraja la Pili. Mshahara wake ulitoka hata siku ambazo hakuna aliyehutubia.

Mwantumu hakuwa mtu mbaya. Wivu wake ulikuwa wa kawaida, wivu wa kutazama kwa pembe ya jicho, wa kusema "hongera shoga" huku mate yamekauka kinywani.

*

Wivu mkubwa zaidi ulikuwa serikalini, na huo ndio ulioleta masanduku.

Waziri wa Hewa na Mapokezi, Mheshimiwa Mbaruku Chetezo, alisafiri kwenda nchi ya jirani kwa ziara ya kulinganisha mazulia. Akalala hotelini, na asubuhi akaamka kichwa hakimuumi. Akashtuka, akaagiza aitiwe daktari. Daktari wa watu akampima, akamwambia ni mzima, yaani hivyo ndivyo vichwa vya watu vinavyokuwa, kisha akamwonyesha ukutani sanduku lenye matundu, na ndani yake chenga nyeusi za mkaa. Mheshimiwa alilitazama sanduku lile kama mtu anayemtazama mke mwenza. Ziara ya mazulia ikakatishwa siku hiyohiyo.

Aliporudi alihutubia taifa uwanjani, na vipaza sauti vikasambazwa mitaani kote ili asiwepo wa kusingizia kwamba alikuwa jikoni.

"Ndugu wananchi," alisema, "hewa ya jirani zetu inatembea uchi. Yetu imevaa. Lakini hatutakubali, narudia, hatutakubali wawe na sanduku ambalo sisi hatuna."

Makofi yakapigwa, Bwana Haji akiongoza. Halafu kwaya ikaenda kunywa maji, na katika ule upenyo akaruhusiwa kusema mtaalamu mmoja mwembamba. Yeye akaeleza kwamba mkaa wa vifuu vya nazi, ukichomwa vizuri na kupitishiwa mvuke wa maji, hujaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Mivuke ya tina ikipita, haizami ndani ya mkaa kama chai inavyozama kwenye andazi. Inakaa juu ya kuta za vitundu vile, kama watu wanaokaa barazani bila kukaribishwa ndani. Baraza zikijaa, wanaokuja nyuma hawana pa kukaa, wanapita zao. Hapo mkaa hubadilishwa. Alikuwa anataka kuendelea, akisema kwamba hewa lazima iupitie ule mkaa, lakini kwaya ilikuwa imeshashiba maji.

Mwantumu, aliyekuwa akimnyonyesha Shani chini ya kipaza sauti, aliyasikia yale ya baraza akayapenda. Ya mwisho yalimezwa na ngoma.

Masanduku yakawasili. Kwa kuwa hayakutosha watu wote, iliundwa timu ya Wanusaji wa Wilaya, wapite nyumba kwa nyumba kunusa nani anastahili. Mwantumu alijiandaa kama anayepokea posa. Alifukiza udi, akamwaga asumini kitandani, akamfukuza Kombo akae baharini mpaka watu waondoke. Wanusaji walikuja, wakanusa mapazia, wakanusa mto, wakamnusa na Shani utosini. Mkubwa wao akafunga macho kwa muda, kisha akasema kwa upole wa mtu aliyesomea kazi yake.

"Mama, nyumba yako ina haja kubwa sana ya sanduku. Kwa hiyo hatuwezi kukupa. Litachafuka."

Wakatoka na sanduku lao, wakaingia kwa Mama Hidaya, ambako makofi hayana harufu. Walipotoka walikuwa mikono mitupu.

*

Kesho yake mlango wa Mama Hidaya ulifunguliwa wazi, pazia likafungwa fundo, ili anayepita njiani asipate tabu. Televisheni ilikuwa imeteremshwa sakafuni. Juu ya meza yake lilikaa sanduku, jeupe, limefungwa katika nailoni yake ngumu ya kiwandani yenye mhuri wa taifa, na juu ya nailoni kimetandazwa kitambaa cha kufuma, waridi kwa waridi, ncha zake zimelazwa sawasawa pembe nne.

"Karibu shoga," akasema Mama Hidaya. "Tazama kwa macho."

Mwantumu akatazama kwa macho. Akauliza kama nailoni haitolewi.

"Itolewe lipate vumbi? Mama Shani, hiyo ina mhuri. Kuichana ni kumvua Mtukufu nguo hadharani. Na mwenyewe umeona hata rimoti yangu haijatoka kwenye mfuko wake tangu niolewe."

Ilikuwa kweli. Mng'aro nzima hakuna aliyefikiri vingine. Makochi yalikaa na nailoni zake, magodoro na nailoni zake, na waziri mmoja alizikwa na nailoni ya gari lake jipya. Kitu cha thamani kikivuliwa nailoni kimeshakuwa cha zamani, na nani anataka hewa ya zamani.

"Hongera shoga," akasema Mwantumu, na mate yakakauka.

Siku ile hakula. Wali aliupika, akaupakua, akautazama, na katikati ya sinia akaliona sanduku. Akilala anaona waridi. Mchana, wakati mtaa umetulia, alikuwa akisikia ukutani kwa jirani kijisauti kikavu, kama paka aliyefungiwa kabatini. Akajua wameshanunua na paka. Akamwonea wivu yule paka.

*

Basi akaamua kutengeneza lake. Hakutengeneza kwa ajili ya hewa, tusimpambe. Alitengeneza ili na mlango wake uwe na sababu ya kufunguliwa wazi.

Alikusanya vifuu kwa wakuna nazi, akavichoma ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko, akaupitishia mkaa wake mvuke wa birika kwa sababu alikumbuka mtaalamu alitaja mvuke, akautwanga chenga. Akachukua kreti ya nyanya, akaitandika kipande cha chandarua, akamimina chenga zake, akafunika kwa chandarua tena. Kombo alirudi akamkuta mkewe mweusi mpaka kope.

"Mke wangu," akasema, "mimi nilidhani nimeoa mwanamke. Kumbe nimeoa wivu, na sasa umeanza kuchoma mkaa."

"Wewe paka mawe yako."

Lakini kreti ilipokamilika akagundua jambo la aibu: hakuwa na nailoni. Kipande pekee kilichokuwemo ndani kilitandikwa chini ya Shani, na hicho kilikuwa na kazi zake. Sanduku bila nailoni angelionyesha kwa nani? Lilikaa pale uchi kabisa, matundu nje, mkaa nje. Akalificha nyuma ya kitanda cha mtoto, kwenye upenyo ambako kijifeni cha mezani kilipuliza, angalau mpaka apate nailoni.

Jioni ile aliinamisha sikio kifuani kwa Shani, asisikie kitu. Akamtingisha mtoto, na mtoto, aliyekuwa usingizini raha mustarehe, akalia kwa sauti nzima, pana, sauti ambayo mama yake hakuwahi kujua kwamba anayo.

Mwantumu alishukuru dua za bibi yake. Asubuhi akalitoa sanduku akaliweka mlangoni angalau lionekane kwa mbali, filimbi ikarudi. Akalirudisha nyuma ya kitanda, filimbi ikanyamaza. Akalitoa tena, kwa sababu Mama Hidaya alikuwa anapita, filimbi. Hapo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma, kwamba sanduku lake haliwezi kutazamwa na kufanya kazi kwa pamoja. Aliliacha nyuma ya kitanda. Lakini alinuna siku nzima.

Baada ya siku kadhaa harufu ilianza kurudi polepole, naye akasema mwenyewe, baraza zimejaa. Akamwaga mkaa wa zamani, akatia mpya. Ule wa zamani, kwa kubana matumizi, akaupikia maharage. Moto uliposhika, mkaa ukawafukuza wageni wake wote barazani kwa mpigo, na jiko zima likanuka ziara ya kifalme ya mwezi uliopita. Maharage wakala kuku wa jirani, wakalala mpaka alasiri.

*

Mtoto asiyekohoa katika mtaa wa Burushi hafichiki.

"Mama Shani, mwanao mbona kimya?" Mama Hidaya aliuliza dirishani.

"Kalala."

"Kila siku kalala?"

"Kachoka."

"Anafanya kazi gani?"

Siku ya pili Wanusaji walikuwa mlangoni. Mwantumu akasomewa kosa la kupumua juu ya daraja lake. Kwa kuwa halikuwahi kutokea kosa kama hilo, Mheshimiwa Chetezo alifika mwenyewe na msafara, ukuta wa mbele ukapakwa rangi kumpokea. Akaingia. Akaonyeshwa kreti. Akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha Shani ili aikague kwa kina, akavuta hewa mara mbili tatu, na hapohapo akalala, kichwa kifuani, wasaidizi wakasimama wima wakimlindia usingizi. Alipoamka alijishika paji la uso, akazungusha macho taratibu. Kichwa hakikuuma. Akamtazama Shani, aliyekuwa akitafuna kidole bila mlio wowote kifuani, na kila aliyekuwepo aliuona wivu ukimpanda Mheshimiwa kuanzia shingoni.

"Hiki kitu," akasema, "ni kikubwa mno kwa mtoto mdogo kama huyu."

Uamuzi ulitolewa palepale. Kreti ya nyanya ikatangazwa Hazina ya Taifa, ipelekwe kwenye jumba la makumbusho, ivishwe nailoni tatu. Vifuu vyote vya nazi vikawa mali ya serikali, na tangu siku hiyo mtu akikuna nazi Mng'aro, askari husubiri mlangoni kupokea kifuu. Na kwa kuwa serikali si dhalimu, Mwantumu akakabidhiwa badala yake sanduku halisi, jeupe, lenye nailoni na mhuri, na kitambaa cha kufuma juu yake, zawadi ya mke wa waziri. Hicho hakikuwa cha waridi. Kilikuwa cha tausi.

Ningependa kuwaambia kwamba Mwantumu alilia. Hakulia. Alifunga pazia fundo, akateremsha redio sakafuni, akalipandisha sanduku mezani, akanyoosha mikia ya tausi. Majirani walipita, wakakaribishwa watazame kwa macho. Mama Hidaya naye akaja, akasimama kizingitini, akawahesabu tausi kimoyomoyo.

"Hongera shoga," akasema.

Mwantumu alisikia kabisa jinsi mate yalivyomkauka mwenzake. Hakuwahi kusikia kitu kitamu kama hicho.

*

Utamu ulidumu mpaka adhuhuri ya siku iliyofuata. Siku hiyo alikuwa anatarajiwa mgeni mkubwa kuliko wote, rangi ilimwagwa tangu alfajiri, na jua likawa kali mpaka kuta zikatokwa jasho. Jukwaa la mapokezi lilijengwa pale barabara kuu, mbele ya kiwanda, Mheshimiwa juu yake na Bwana Haji chini yake na kikosi chake cha makofi. Kombo alikuwa bado anamalizia mawe. Shani akaanza kupiga filimbi.

Mwantumu akalisogeza sanduku karibu na kitanda. Filimbi ikaendelea. Akaligeuzia kijifeni, nailoni ikapepea kidogo, tausi wakacheza mikia, basi. Akainamisha sikio. Safari hii kila pumzi ilikuja imechelewa, ikavutwa kwa shida kutoka mahali pa mbali, na mbavu ndogo zikaingia ndani na kutoka. Midomo ya mtoto ilianza kupoteza rangi, katika nchi hii isiyopungukiwa rangi kitu.

Kisu cha kukatia mchicha kilikuwa karibu. Alikichukua, akakiweka kwenye nailoni, juu ya mhuri, akasita. Alifikiria Wanusaji. Alifikiria Kombo kufukuzwa mawe. Na alifikiria Mama Hidaya atakavyopita mlangoni akaona sanduku liko uchi, tausi chini, akacheka kwa pembe ya mdomo; na Mungu amsamehe, huyu wa mwisho ndiye aliyeushika mkono wake zaidi.

Hapo akamsikia yule paka wa jirani. Kijisauti kikavu, mara moja, mara mbili, kimebanwa na kitu kizito kama mto. Kisha sauti ya mwanamke, chini kabisa:

"Taratibu mama, taratibu. Watasikia. Nyumba yenye sanduku haikohoi."

Mwantumu akabaki amesimama. Siku zote zile alikuwa akimwonea wivu paka, na hapakuwa na paka.

Akachana.

Nailoni ngumu ikichanwa hupiga ukelele wake, na mtaa mzima ulikuwa kimya ukimsubiri mgeni. Ndani mlikuwa na mkaa mzuri, mweusi, unaometa, mkaa safi wa vifuu ambao haujaonja hewa tangu uzaliwe. Alivuta kitambaa, akaangusha tausi, akang'oa nailoni yote, akaliburuta sanduku nyuma ya kitanda, akafungulia kijifeni mpaka mwisho.

Ukutani ikaja sauti:

"Mama Shani."

"Naam."

"Umechana?"

"Nimechana."

"Yote?"

"Mpaka chini."

Mwantumu akasikia droo ikivutwa, vijiko vikigongana, mtu akitafuta kitu kwa haraka.

"Mimi," sauti ya Mama Hidaya ikasema, "sitapitwa na wewe."

Na mchano wa pili ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza, maana aliunganisha nailoni na waridi zake kwa pamoja. Nyumba ya tatu wakausikia. Mama wa nyumba ya tatu alikuwa na sanduku na pacha wanaolala na mito mdomoni, na hakuwa mtu wa kuachwa nyuma na hawa wawili. Ikafuata ya nne, ikafuata upande wa pili wa njia, mchano juu ya mchano, mlango kwa mlango, mpaka sauti ikashuka hadi barabara kuu.

Pale jukwaani Mheshimiwa Chetezo aliisikia. Mgeni ndiyo kwanza alikuwa anateremka kwenye gari. Mheshimiwa akatabasamu, akainamisha kichwa kuwashukuru wananchi, kisha akamwinamia Bwana Haji akamuuliza ni makofi ya aina gani hayo, mbona hajawahi kuyasikia.

Bwana Haji, mtaalamu wa miaka mingi, alitega sikio. Aliutambua mlango yalikoanzia. Aliitambua na nyumba yake. Akaificha mikono yake nyuma.

"Hayo ni ya dhati, Mheshimiwa," akasema.

Mtaani Mwantumu alikuwa ameketi sakafuni, sikio kifuani kwa Shani. Pumzi ilichelewa, ikachelewa kidogo, ikaacha kuchelewa. Midomo ikarudisha rangi yake yenyewe. Upande wa pili wa ukuta naye Hidaya alikohoa mara moja, waziwazi, bila mto, akanyamaza, na mama yake akaanza kumwimbia.

Mwantumu akafumba macho. Ndipo akasikia kwa jirani feni ikiwashwa, na kwa mvumo wake akajua ni ile ya kusimama, si ya mezani kama yake.

Roho ikamuuma kidogo.